Istilahi za Ufunguzi wa Sataranji na Masaibu ya Kete Nyeusi

Apitaye jioni katika mitaa ya Temeke, Tandika, Magomeni au Mwananyamala hakosi kuona baraza ambapo watu wameinamia bao au drafti. Hapo maneno hayamkwamishi mtu. Mcheza bao ajua kwamba kwanza hunamua mpaka kete 22 za mkononi zishe, ndipo huingia katika mtaji. Ajua nyumba ni ipi, na ajua kuwa kete zikilala zamu yake imekwisha. Mcheza drafti naye ajua kula, kuliwa na kupata kingi. Lakini sataranji iletwapo katika baraza hizo hizo, lugha hukatika ghafla. Jina la mchezo limo katika kamusi zetu, ila ufunguzi wake, ambao ndio sehemu iliyoandikiwa vitabu vingi mno, hutajwa kwa lugha ya kigeni. Katika makala hii twakusudia kueleza historia ya ufunguzi huo, na kuonyesha kwamba aumiaye zaidi kwa upungufu huu wa istilahi ni mchezaji wa kete nyeusi.

Mchezo huu ulitoka Bara Hindi ukaingia Uajemi, kisha ukapokewa na Waarabu kwa jina la shatranji, ambalo ndilo asili ya sataranji yetu. Huko Baghdad, mabingwa kama al-Adli katika karne ya 9 na as-Suli katika karne ya 10 waliandika vitabu juu yake. Wao walizitaja kwa majina namna za kupanga jeshi mwanzoni mwa mchezo. Moja waliiita mujannah, yaani yenye mbawa. Nyingine mashaikhi, yaani ya masheikh. Mpango wa namna hiyo kwa Kiarabu uliitwa taabiya, kwa maana ya kupanga askari kwa vita.

Hapa yafaa tutahadhari. Wachezaji wa Ulaya hadi leo hutumia neno hilo kwa sura ya "tabia", nasi twaweza kushawishika kusema kwamba neno tunalo tayari. Sivyo. Tabia yetu, yaani mwenendo wa mtu, yatokana na mzizi mwingine kabisa wa Kiarabu. Tukiyachanganya maneno haya mawili, mwanafunzi atadhani anafundishwa mwenendo wa mchezaji, kumbe anafundishwa mpango wa kete.

Katika shatranji ya kale waziri alisogea nyumba moja tu kimshazari, na tembo aliruka nyumba mbili tu. Majeshi yalichelewa kukutana, na kila mchezaji aliweza kupanga safu yake kwa utulivu. Mwishoni mwa karne ya 15, huko Ulaya ya kusini, waziri aligeuzwa malkia mwenye kwenda mbali kila upande, na tembo naye akapewa mwendo mrefu. Tangu hapo vita huanza mapema. Na kwa kuwa kaida ya leo huwapa weupe kutangulia, mweusi huwa nyuma kwa hatua moja tangu mwanzo, na katika ufunguzi mkali kosa moja humwangamiza.

Mfano ulio bora ni ufunguzi wa Sisilia, ulioandikwa tangu mwishoni mwa karne ya 16. Mweupe asogezapo askari wake hadi e4, mweusi hamwigi, bali hujibu kwa c5, akitafuta vita upande mwingine wa ubao. Mwaka 1972, katika mashindano ya ubingwa wa dunia huko Reykjavik, Bobby Fischer wa Marekani aliucheza kwa kete nyeusi dhidi ya Boris Spassky wa Urusi ya Kisovieti. Katika mchezo wa 7 malkia wake alikwenda mbali kumla askari wa b2, ambaye wachezaji humwita askari mwenye sumu, na wakatoka sare. Katika mchezo wa 11 alimla tena. Safari hii Spassky alimrudisha farasi wake nyumbani b1, hatua ambayo wachache wangeifikiria. Malkia mweusi akanaswa, na Fischer akashindwa. Katika mchezo wa 15 Fischer aliurudia ufunguzi wa Sisilia, lakini askari yule hakumgusa. Hatimaye alitwaa ubingwa kwa pointi 12½ dhidi ya 8½.

Twajifunza kwamba kukariri hakutoshi. Tumewaona vijana wa Temeke wakizitaja hatua kumi za mwanzo bila kusita, kisha mpinzani akaenda kinyume cha kitabu nao wakaduwaa, kwa sababu walijua jina na hawakujua kusudio lake.

Kwa hiyo twapendekeza majina yagawanywe mafungu mawili. Yale ya watu na mahali, kama Najdorf na Sisilia, yabaki yalivyo. Yale yanayoeleza kazi yapewe Kiswahili, tukianza na maneno ambayo watu wanayo: ufunguzi, safu, kwa ile taabiya, tawi, kwa njia inayochipuka katika ufunguzi mmoja, chambo na kafara. Haya mawili ya mwisho yasichanganywe. Chambo kina ndoana ndani yake, kama askari wa b2 alivyokuwa. Kafara hutolewa waziwazi ili mtoaji apate nafasi ya kushambulia. Mwaka 1918 huko New York, Frank Marshall akiwa na kete nyeusi alimtolea Capablanca kafara ya askari. Capablanca aliipokea, akajilinda, akashinda. Hata hivyo kafara hiyo yachezwa na mabingwa mpaka leo.

Mweusi aliyefundishwa tofauti hiyo kwa lugha yake atajiuliza mbele ya chambo: ndoana iko wapi? Mbele ya kafara atajiuliza: je, bei yatosha? Maswali hayo mawili yatamfaa hata pale ambapo kitabu kimekwisha na mwalimu hayupo. Barazani maswali ya namna hiyo huulizwa kila jioni juu ya bao, nayo huulizwa kwa Kiswahili. Sataranji haistahili kunyimwa haki hiyo.