Wapi Yo: slow ya mutoto wa Bukavu

Bandugu wa chama, kila mara tukiandika historia ya muziki yetu hapa, tunaanza Kinshasa na tunaishia kwa sebene. Leo tuangalie slow. Hapa Birere, vijana wenye kompyuta wanaojazia watu nyimbo kwenye simu wanaweka slow zote pamoja: Céline Dion, Lionel Richie, na katikati yao Lokua Kanza, kama vile naye ni wa ng'ambo. Hapana. Huyu ni wa Kivu.

Alizaliwa Bukavu mwaka 1958, baba Mumongo, mama Mututsi wa Rwanda. Alikulia Kinshasa, akaimba kanisani, akapiga gitaa kwa Abeti Masikini, na 1984 akaenda Paris. Albamu yake ya kwanza ilitoka 1993. Mwaka uliofuata ikapewa zawadi ya albamu bora ya Afrika kule Libreville. Ya pili, Wapi Yo, ikatoka 1995.

Kwangu mimi hiyo ya pili njo ya kusikiliza vizuri. Wazungu wakitaka slow ijae, wanaleta violini nyingi. Lokua anaijaza na sauti za watu, zinapandana polepole juu ya gitaa. Aliyeimba kwaya ya parokia ataitambua hiyo kazi mara moja. Hakuna sebene, hakuna mabanga ya kutaja majina ya matajiri. Jina ni la Kilingala, lakini nani Birere anahitaji kutafsiriwa "wapi"?

Sasa angalieni huo mwaka. Mu 1995 kambi za wakimbizi waliovuka Julai 1994 zilikuwa bado zimezunguka Goma, na kipindupindu kilikuwa kimeshazika maelfu. Hapa karibu na Petite Barrière, swali "mama yako ni wa wapi?" halikuwa la kusalimiana tu. Na mpaka leo linaulizwa. Wako wenye kuandika kwenye simu kwamba mutoto wa mama kama huyo hawezi kuwa Mukongomani kamili, halafu Jumamosi wanacheza slow ya Lokua kwenye ndoa ya dada yao. Mimi nawauliza tu: hiyo wimbo muliitoa wapi?

Mukiipata albamu, musiisikilize mchana barabarani. Mungoje usiku, jenereta za jirani zikizimwa, na mutafute spika ya maana, sababu kwenye simu ndogo zile sauti za chini zinapotea zote.