Kupanga ni kuchagua: chekeche la kahawa na orodha za Kagera

Ukipewa orodha ndefu ya majina ya wanaume wa Bukoba na Muleba uipange kwa alfabeti, jiandae kupambana na herufi R. Rwegasira, Rweyemamu, Rutashobya, Rugemalira, Rwechungura, na bado hujafika nusu. Upande wa akina mama utakutana na akina Koku: Kokushubira, Kokugonza na wenzao. Wahaya wana majina mazuri sana, ila kwa karani wa masjala majina hayo ni mtihani.

Wasomaji wangu, leo nataka tuzungumzie kupanga. Tangu mwaka 1969 Watanzania tumezoea kauli ya Mwalimu Nyerere kwamba kupanga ni kuchagua. Yeye alikuwa anazungumzia mipango ya maendeleo. Mimi nazungumzia kupanga vitu kwa mfuatano: majina, namba, mafaili. Lakini nadhani kauli ile inafaa hata huku, kwa sababu hakuna kupanga kwa bure. Utalipa kwa muda, au utalipa kwa nafasi. Unachochagua ni namna ya kulipa.

Tuanze na kitu ambacho kila mtu wa Kagera anakijua, yaani kahawa. Tangu mwaka 1950 wakulima wa huko walikuwa na chama chao kikuu, BNCU, ambacho ndicho mzazi wa KCU. Kahawa ikishakobolewa kiwandani hupitishwa kwenye machekeche ya kutenga punje kubwa na ndogo. Namba ya chekeche ni kipimo cha tundu lake: chekeche namba 18 lina tundu la 18 juu ya 64 ya inchi, yaani kama milimita 7.1.

Hebu tazama ujanja uliopo hapo. Hakuna punje inayolinganishwa na punje nyingine. Kila punje inalinganishwa na tundu tu. Punje zikiongezeka mara mbili, kazi inaongezeka mara mbili, basi. Wataalamu wa kompyuta wana njia ya kupanga inayofanana kabisa na hiyo: unaandaa ndoo kadhaa, kila kitu unakitupa kwenye ndoo yake, halafu unapanga kila ndoo peke yake. Ni njia ya haraka sana, lakini inataka nafasi ya kuweka ndoo. Tena ina sharti moja kubwa: vitu viwe vimetawanyika vizuri. Ukichukua ndoo 24 za alfabeti ukaanza kumwaga majina ya Bukoba, ndoo ya R inafurika huku ya V ikiwa tupu. Chekeche limeshindwa, na kazi yote ya kulinganisha imerudi pale pale.

Kumbe uzuri wa njia hautegemei njia peke yake. Unategemea pia unapanga nini, na unapangia wapi.

Historia ya jambo hili ni ndefu kuliko kompyuta zenyewe. Marekani walifanya sensa mwaka 1880, na kuchambua matokeo kukachukua karibu miaka minane. Kwa sensa ya 1890 Herman Hollerith akaleta mashine za kadi zenye matundu. Kadi na matundu! Ni binamu wa chekeche la kahawa. Mwaka 1945 John von Neumann akaandika programu ya kupanga kwa kuunganisha: gawa orodha vipande vidogo, panga kila kipande, kisha unganisha viwili viwili. Halafu kuna Tony Hoare, kijana wa Kiingereza aliyekuwa akisoma Moscow mwaka 1959 na 1960. Alikuwa anashughulikia kutafsiri Kirusi kwa mashine na alihitaji kupanga maneno kwa alfabeti ili ayatafute kwenye kamusi iliyokuwa kwenye utepe wa sumaku. Akabuni njia iliyokuja kuitwa ya haraka, ikachapishwa mwaka 1961. Njia ya von Neumann inataka nafasi ya ziada inayolingana na orodha yenyewe. Ya Hoare inabadilishana vitu hapo hapo vilipo, nafasi ya ziada ni kiduchu. Ila siku ikikutana na mpangilio mbaya, inakuwa goigoi.

Tofauti hizi ni kubwa kiasi gani? Chukua watu 6,000. Ukipanga kwa njia ya kawaida ya kulinganisha kila mmoja na kila mwenzake, unahitaji ulinganisho karibu milioni 18. Ukitumia njia ya kuunganisha, ni kama 75,000. Karani anayefanya ulinganisho mmoja kwa sekunde atamaliza ya pili kwa saa 21. Ya kwanza itamchukua siku 208, usiku na mchana, bila kulala wala kula senene.

Nimechagua 6,000 kwa makusudi. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Wakati huo taifa lilikuwa limejifungia mlango wa kompyuta. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini. Kwa hiyo miaka ambayo familia za Bukoba na Muleba zilikuwa zinazika watu wazima mfululizo, kumbukumbu zao zilikaa kwenye madaftari.

Ndipo mwaka 1991 Benki ya Dunia na wataalamu wa Muhimbili wakaanza utafiti mkubwa wa kaya mkoani humo, kuanzia Bukoba na Muleba hadi Ngara. Swali lilikuwa zito: mtu mzima akifa, kaya inaishije? Hadi kufikia Januari 1994 walikuwa wamezitembelea kaya 915, nyingi zikihojiwa hadi mara nne, na watu waliohojiwa walizidi 6,000. Mwaka 2004 watafiti walirudi kuwatafuta watu wale wale, na mwaka 2010 wakarudi tena.

Sasa fikiria. Una orodha ya zamani ya watu 6,000 na orodha mpya. Unataka kujua nani ni nani. Ukichukua kila jina la orodha ya kwanza na kulitafuta katika orodha nzima ya pili, unaweza kufikia ulinganisho milioni 36. Ukizipanga zote mbili kwanza, unazipitia sambamba mara moja tu, kama watu wawili wanaotembea bega kwa bega. Kupanga ndiko kunakofanya kutafuta kuwezekane.

Lakini upange kwa nini? Kwa jina? Rwegasira akiandikwa Lwegasira ameruka kutoka R kwenda L, na kwenye orodha yako amepotea kama amekufa. Ndiyo maana katika utafiti wa aina hii kila kaya hupewa namba, na kila mtu ndani ya kaya hupewa namba. Namba haina lafudhi, na namba hutawanyika vizuri kwenye ndoo.

Na nafasi je? Kompyuta za DOS za miaka ile zilikuwa na kumbukumbu ya kawaida isiyozidi kilobaiti 640. Rekodi 6,000 zenye herufi 100 kila moja ni kilobaiti 600 hivi. Zimejaa! Njia ya kuunganisha inayotaka nafasi mara mbili haiingii humo. Itabidi upange hapo hapo kama Hoare, au upange namba peke yake, au umwage vipande kwenye diski na kusubiri. Hapo ndipo unapochagua ulipe kwa nafasi au kwa muda.

Mwaka 2004 walipata angalau mtu mmoja kutoka asilimia 93 ya kaya zile za mwanzo. Watu walikuwa wametawanyika kwenye kaya zaidi ya 2,700, na kufikia 2010 zilizidi 3,300. Wengine walikuwa mikoa ya mbali, wengine Uganda. Kwa kuwa kila mmoja aliweza kuunganishwa na kaya alikotoka, watafiti waliwalinganisha watu waliokua chini ya paa moja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa waliohama walikuza matumizi yao kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya wenzao waliobaki.

Mtu anaweza kusema hesabu za kupanga ni mambo ya darasani, hayamhusu mkulima wa Muleba. Mimi nakataa. Mtoto aliyebaki yatima mwaka 1992 akahamia kwa shangazi alionekana tena mwaka 2004 kwa sababu kuna mtu aliyemtafuta kijiji kwa kijiji, na kwa sababu namba yake ilikaa mahali pake kwenye orodha. Orodha iliyopangwa hovyo haimuui mtu. Inamfanya asionekane tu, na kwa serikali zetu asiyeonekana kwenye orodha hahesabiwi.

Tafakari.