Nge Wawili Chini ya Jiwe Moja

Ukifunua jiwe ukute nge wawili, kuna uwezekano mkubwa mmoja anamla mwenzake. Hivyo ndivyo alivyoona Jean-Henri Fabre, mzee wa Ufaransa aliyewajua wadudu kuliko alivyowajua majirani. (Najua, nge si mdudu, ni jamaa ya buibui. Twende.)

Fabre alizaliwa 1823 katika familia ya wakulima maskini, akawa mwalimu. Alipowafundisha wasichana jinsi maua yanavyochavushwa, watu wa dini walimjia juu, akaishia kufukuzwa hata nyumba aliyopanga. Mwaka 1879 akanunua kishamba cha mawe na miiba huko Sérignan, kusini mwa nchi, na ua ukawa maabara yake. Mimi niliyeacha chuo nampendea hapo.

Akiwa anakaribia miaka themanini aliwakusanya nge wa manjano kutoka vilimani. Wengine aliwaacha uani, na kama dazeni mbili akawaweka pamoja kwenye sanduku la kioo lenye mchanga na vigae vya vyungu vya kujifichia. Usiku alikuwa anatoka na taa kuwatazama. Dume anamshika jike magando, anatembea kinyumenyume huku akimvuta, matembezi marefu kweli, mpaka wanapotelea chini ya kigae. Asubuhi, mara nyingine, bwana harusi ameliwa nusu.

Kioo hakikuanzisha ulaji huo, maana hata vilimani upo. Ila naona kilimnyima dume kitu kimoja cha maana: pa kukimbilia.

Sasa yuko nge mwingine kabisa, *Pandinus imperator* wa Afrika Magharibi, mweusi tii, anayeweza kufikia sentimita 20. Huyu huishi na wenzake. Watoto waliokwisha kukua hubaki na mama shimoni na hata kugawana mawindo. Sumu yake si kali kwa binadamu, magando ndiyo silaha yake kubwa. Si ajabu wauzaji wa wanyama Ulaya na Marekani walimpenda: unaweza kuweka kadhaa kwenye tangi moja, na mtoto wa mteja akawatazama bila mtu kukimbizwa hospitali.

Upole huo ulimponza. Wakaazi wa shimo moja ni mzigo mmoja, ukichimba unabeba ukoo mzima, na mimba yao huchukua miezi mingi kabla pengo halijazibika. Ghana, Togo na Benin zilisafirisha nge hao kwa wingi mno, hadi 1995 wakaingizwa kwenye mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya viumbe wa porini.

Tanzania nayo, hadi 2016, ilikuwa ikiuza binamu yake mwenye magando mekundu, ambaye yuko hata huku Kenya. Kwa sura unaweza kuwachanganya. Kwa tabia, huyu wetu ana hasira za karibu, na mkia anautumia.