Mchungaji mstaafu (Kilutheri)

Mchungaji mstaafu ni mtumishi wa Kanisa la Kilutheri aliyekabidhi uongozi wa usharika, lakini angali anahubiri, anabatiza, anazika na kutoa Ushirika Mtakatifu anapoombwa. Kustaafu hakumvui uchungaji. Kinachokoma ni madaraka. Ungamo la Kilutheri la Augsburg la mwaka 1530, ibara ya 14, linataka mtu asifundishe hadharani wala kutoa sakramenti ila aliyeitwa kwa utaratibu, hivyo mstaafu naye hupanda mimbarani kwa mwaliko.

Na mialiko haikosekani.

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), lililoundwa Juni 19, 1963 kwa muungano wa makanisa saba, lina waumini zaidi ya milioni 6. Usharika mkubwa wa mjini una ibada kadhaa kila Jumapili, vijana wa kipaimara, ndoa, misiba, na wagonjwa wanaosubiri Meza ya Bwana wakiwa kitandani. Hapo mzee aliyezoea kukaa kimya na wafiwa ni hazina, pengine kuliko mhubiri hodari. Mchungaji kiongozi mwenye busara humwachia kazi hiyo.

Mstaafu mmoja aliyevuma sana alishika njia nyingine. Ambilikile Mwasapile, "Babu wa Loliondo", mchungaji mstaafu wa KKKT, aliwavuta maelfu kijijini Samunge mwaka 2011 kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Uponyaji wa dawa hiyo haukuthibitishwa kitabibu. Alifariki Julai 2021.