Pazia Badala ya Mlango: Udhaifu wa Kufuli la Skrini katika Mfumo wa X, 1987–2021

Udhaifu wa kufuli la skrini katika kompyuta zinazotumia mfumo wa madirisha wa X haukutokana hasa na nywila hafifu, bali na nafasi ambayo kufuli lilipewa katika muundo wa mfumo wenyewe.

Mfumo wa X ulianzishwa mwaka 1984 katika chuo cha MIT, Marekani, na toleo lake la 11 likatolewa mwaka 1987. Katika toleo hilo, seva hutawala skrini na kibodi, lakini haina dhana ya kufunga. Kufuli ni programu ya kawaida inayotandaza dirisha juu ya mengine yote na kuiomba seva iipatie peke yake kila kitufe kinachobonyezwa. Ni pazia, si mlango: programu hiyo ikianguka, dirisha lake hutoweka na kazi ya mtumiaji hubaki wazi.

Jamie Zawinski, aliyetoa programu ya XScreenSaver mwaka 1992, alitahadharisha kuhusu jambo hilo. Alishikilia kwamba kufuli liwe programu ndogo, lisitegemee maktaba kubwa za kuchora vitufe na madirisha, kwa kuwa kila msimbo unaoongezwa huongeza uwezekano wa kuanguka.

Matukio mawili yanathibitisha hoja hiyo. Mnamo Januari 2012 ilibainika kwamba katika seva ya X.Org 1.11, kubonyeza kwa pamoja Ctrl, Alt na alama ya kuzidisha, njia iliyokusudiwa wachunguzi wa hitilafu, kuliua programu iliyoshikilia kibodi. Kufuli likaondoka bila nywila. Mnamo Januari 2021 iliripotiwa kwamba watoto wa mtumiaji mmoja wa Linux Mint, kwa kubonyeza ovyo kibodi halisi na ile ya skrini, waliliangusha kufuli. Rekebisho la usalama la seva ya X lilikuwa limeamsha kasoro iliyojificha katika maktaba ya kibodi ya skrini; hivyo tiba ya udhaifu mmoja ilifichua mwingine.

Mwaka huohuo, XScreenSaver 6.00 ilitenganisha sehemu inayofunga na ile inayopokea nywila. Aidha, katika itifaki ya ext-session-lock ya Wayland, mfumo unaoirithi X, programu ya kufuli ikifa skrini hubaki imefungwa. Hivyo basi, ubora wa kufuli haupimwi kwa ugumu wa nywila pekee, bali kwa kile kinachotokea kufuli lenyewe linapovunjika.