Mashimo ya Mawe ya Mtoni



Kila mgeni aendaye Mtoni, maili tatu hivi kaskazini ya mji wa Unguja, huonyeshwa magofu ya jumba la Seyyid Said bin Sultan. Leo nataka kuwapeleka mahali asipoonyeshwa mtu, nako ni kwenye mashimo yaliyochimbwa mawe ya kujengea.

Nilipokuwa mwanafunzi wa ualimu, mwalimu wetu wa historia alitutuma vijana wanne tukapime mashimo ya zamani katika kibonde kilicho baina ya Mtoni na Beit el Ras. Tulichukua utepe wa kupimia, vigingi, kamba na daftari. Tulidhani ni kazi ya asubuhi moja, kumbe ilituchukua siku tatu, kwa kuwa magugu yalikuwa yameyafunika mashimo yote. Tulipokwisha kufyeka, ndipo tulipoona alama za mitaimbo katika mwamba, mstari juu ya mstari, kana kwamba wachimbaji wamekwenda kula tu, nao watarudi.

Yafaa kwanza tujue jinsi nyumba za mawe za Unguja zilivyojengwa. Mwamba wetu ni matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe. Waashi waliyapanga mawe hayo na kuyashika kwa chokaa iliyochanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Hiyo chokaa nayo ilikuwa ni mawe: magogo yalipangwa duara, mawe yakarundikwa juu yake, moto ukawaka mpaka mawe yakawa meupe na kulegea. Hilo ndilo tanuu. Dari zilikaa juu ya boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliokata upana wa chumba, kama futi 10. Basi twaweza kusema kwamba mikoko ilitoa kipimo cha nyumba, na shimo likatoa kiwiliwili chake.

Seyyid Said alifika Unguja mara ya kwanza mwaka 1828, na Mtoni ikawa makao yake makuu ya shamba. Binti yake, Seyyida Salme, alizaliwa humo mwaka 1844. Katika kitabu chake kilichopigwa chapa kwa Kijerumani mwaka 1886, alieleza kwamba jumbani walikaa watu wapatao elfu. Kwa ajili ya jamaa waliokuwa wakizidi, Seyyid Said alianza kujenga jumba jingine Beit el Ras mwaka 1847. Lakini alifariki baharini mwaka 1856, akirejea kutoka Oman, na jumba lile halikumalizika. Ilipojengwa reli ya Bububu, iliyofunguliwa mwaka 1905, mawe yake mengi yalichukuliwa kwa kazi hiyo. Hivyo jiwe lililotoka shimoni kuwa ukuta wa mfalme likaishia kuwa njia ya gari la moshi.

Turudi kibondeni. Shimo kubwa kuliko yote lilikuwa na urefu wa futi 60, upana futi 30 na kina futi 8. Tukakaa chini ya mwembe, tukapiga hesabu: futi za ujazo 14,400. Tukakadiria kwamba mtu mmoja aweza kubeba kichwani nusu futi ya ujazo, nayo si mzigo mwepesi. Basi shimo lile lilikuwa mizigo 28,800. Hata tukitoa nusu kwa kifusi, yabaki mizigo 14,400. Tulifurahi sana kwa hesabu yetu, kama wafurahivyo vijana wapatapo jawabu.

Siku ya tatu akatujia mzee mmoja wa mahali pale, na bakora mkononi.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, wanangu. Mwatafuta mali?”

Tukamjibu kwamba hatutafuti mali, twapima tu. Akashangaa. “Mwapima shimo? Watu hupima nyumba.”

Tukamsomea hesabu yetu. Akaketi ukingoni, akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Bibi yangu mzaa mama alibeba mawe enzi ya Seyyid Barghash, naye bado mtoto, hajavunja ungo. Hakuwa wa hapa, aliletwa. Alikuwa akituambia kwamba aliihesabu mizigo yake kwa lugha ya kwao, kwa sababu hiyo ndiyo hesabu aliyoijua.”

Nikafungua daftari upesi, nikamwuliza jina la bibi yake. Yule mzee akanitazama, akasema, “Andika shimo, mwanangu. Jina liache. Wajukuu zake wameoa na kuolewa, nao hawajui.”

Niliona haya. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku Unguja mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa nguvu ya sheria mwaka 1897. Mimi nilikuwa nimeikariri miaka hiyo kwa ajili ya mtihani, na nilidhani kwamba jambo likifutwa katika sheria limekwisha na katika nyumba za watu. Siku ile nilijua sivyo.

Katika taarifa yetu niliacha mstari mmoja mtupu. Mwalimu alipouliza sababu, nilimweleza. Hakuujaza wala hakuniamuru niujaze.

Sasa nami ni mwalimu wa walimu. Huwapeleka wanafunzi wangu magofuni kwanza, kisha kibondeni, nao hupima na kupiga hesabu ileile. Siwaambii watafute majina ambayo wenyewe wameyaficha, kwani aibu ile si yao waliobeba, na ni wao na jamaa zao watakaojua siku ya kuyataja. Lakini hesabu haimvunjii mtu heshima. Mtoto anayefundishwa kwamba Seyyid Said alijenga Mtoni amefundishwa nusu. Nusu ya pili imo shimoni, mizigo 14,400 katika shimo moja tu, na kila mzigo ulikuwa juu ya kichwa cha mtu.

Mpitapo njia ya Bububu, tazameni magofu, nayo yastahili kutazamwa. Kisha ulizeni mawe yalitoka wapi, na nani aliyeyabeba.