Mlinzi wa Angani na Darubini za Ardhini

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, roketi ya Kimarekani iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa na Waitalia baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ndogo. Bibi Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi huo, aliipa jina la Uhuru kwa heshima ya wenyeji na siku yao. Hivyo neno la Kiswahili likaingia katika vitabu vya elimu ya nyota ulimwenguni, na lingali humo.

Pwani ile haikuchaguliwa kwa uzuri wake. Roketi inayorushwa karibu na ikweta husaidiwa na mzunguko wa dunia yenyewe. Uhuru iliizunguka dunia kila baada ya dakika 96 hivi, ikiambaa na ikweta, na hivyo ilipita karibu na anga ya Burundi mara nyingi kila siku.

Kazi yake ilikuwa kutafuta eksirei zitokazo mbinguni, ambazo hewa huzizuia zisifike ardhini. Juni 1962, siku chache kabla ya bendera ya Burundi huru kupandishwa, Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi iliyokaa juu dakika chache tu, wakagundua chanzo cha kwanza kilicho mbali na jua letu na sayari zake. Uhuru ilikaa kazini hadi 1973, na orodha yake ya mwisho, iliyotolewa 1978, ilikuwa na vyanzo 339.

Lakini kila askari aliyekesha lindoni anajua kwamba kusikia kishindo si kumtambua aliyekanyaga. Uhuru iliweza kusema kwamba upande fulani pana kitu. Na upande huo ulikuwa umejaa nyota. Kwa taarifa ya namna hiyo hakamatwi mtu.

Chukua chanzo kiitwacho Cygnus X-1, ambacho eksirei zake zilipepesa kwa kasi ya ajabu. Mwaka 1971 darubini za redio za Uholanzi na Marekani zilipunguza eneo la msako hadi ikabaki nyota moja, HDE 226868. Ndipo Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Toronto, Kanada, walipoielekezea darubini za kawaida. Nyota ile ilikuwa ikiyumba huku na huko kila siku 5.6, ikivutwa na mwenzi asiyeonekana. Matokeo yao yalitangazwa 1972: mwenzi huyo alikuwa mzito mno kuwa nyota iliyokufa kwa kawaida. Ndilo shimo jeusi la kwanza kukubaliwa na wataalamu wengi. Kipimo cha 2021 kinalipa uzito wa mara 21 wa jua.

Giacconi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2002, hakulisahau somo hilo. Mwaka 1999 na 2000 aliongoza kazi ya setilaiti Chandra kukodolea macho kipande kidogo cha anga ya kusini kwa jumla ya sekunde milioni 1, yaani siku 11 na nusu. Safari hii ardhi haikungoja kuitwa. Darubini za La Silla, nchini Chile, zilipiga picha za eneo lilelile ili kila doa la eksirei lipate mwenyewe. Zile kubwa zaidi za Paranal zikapima umbali. Vyanzo vilizidi 300, vingi vikiwa mashimo meusi katika galaksi za mbali mno.

Katika habari ya mwaka 1970, pwani ya Afrika Mashariki ilitoa jukwaa na jina. Macho yaliyomtambua mgeni yalikuwa Uingereza na Kanada. Jukwaa la San Marco lilirusha roketi yake ya mwisho ya setilaiti mwaka 1988. Setilaiti ya Kenya iitwayo Taifa-1 ilipopaa Aprili 2023, ilirushwa kutoka California.